Nina GBS na mimba ya wiki 33: kwa nini nisipewe dawa sasa?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Nina mimba ya pili, wiki 33. Mwanangu wa kwanza alizaliwa vizuri, lakini jioni ya siku hiyohiyo akaanza kupumua kwa shida na kukataa ziwa. Damu yake ilipooteshwa maabara ikaonekana ana bakteria anayeitwa GBS, nami nikaambiwa amempata kwangu. Namshukuru Mungu alipona. Safari hii nimeomba vidonge vya kuwamaliza hao bakteria mapema, nikaambiwa hapana, nitachomwa dawa nikishikwa na uchungu. Kwa nini tungoje mpaka siku ya hatari yenyewe? Mama mkwe ananishauri nijisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu. Na je, miaka yote hii watafiti hawajapata chanjo?"

Marahaba, dada. Pole kwa yaliyompata mwanao, na hongera kwa ujauzito.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Waliokunyima vidonge wamefanya sawa. Sindano ya wakati wa uchungu ndiyo kinga yenyewe, na wewe unastahili kuipata hata kama ukipimwa wiki ya 36 ukaonekana huna bakteria huyo. Mama ambaye mtoto wake aliyetangulia aliugua GBS hahitaji kipimo kingine ili apewe kinga, historia yake inatosha. Walipokosea ni kutokukueleza kwa nini, kwa sababu mama anayejua sababu ndiye anayewahi hospitali na kudai dawa yake bila kuona haya.

GBS ni kifupi cha Kiingereza cha Group B Streptococcus, yaani bakteria aitwaye streptokoki wa kundi B. Makundi hayo yalipangwa na mtafiti wa Marekani, Rebecca Lancefield, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1933, na kufikia mwaka 1938 madaktari walikuwa wameshaandika habari za wazazi waliouawa na kundi hili baada ya kujifungua. Watoto hawakuhusishwa nalo sana mpaka miaka ya 1970, pale wodi za vichanga za Marekani na Ulaya zilipoanza kuona watoto waliozaliwa wazima wakizidiwa ndani ya saa chache. Wakati huo, karibu nusu ya waliougua walikufa.

Makazi yake ya kudumu ni utumbo. Kutoka huko husambaa hadi ukeni, hukaa, huondoka, hurudi, na mwenye nao hasikii chochote. Duniani kote inakadiriwa kuwa wajawazito 18 kati ya 100 wanaye. Nakusihi ulishike hili, maana najua maneno "amempata kwangu" yanavyoweza kumkaa mama moyoni: GBS si ugonjwa wa zinaa, si dalili ya uchafu, na hakuna ulichofanya au ulichoacha kufanya kikamleta. Kukaa na bakteria huyu si kuumwa.

Mtoto humpata chupa inapopasuka au uchungu unapoendelea. Bakteria hupanda kutoka ukeni hadi kwenye maji ya uzazi, mtoto akayavuta au kuyameza, na mapafu yake yakawa mlango wa kuingilia damu. Ndiyo maana mwanao alianza na pumzi. Hata hivyo wengi hawaugui. Bila kinga yoyote, karibu nusu ya watoto wa akina mama wenye GBS huzaliwa naye kwenye ngozi, puani au kooni, lakini wanaougua ni mmoja au wawili tu kati ya mia. Hatari huongezeka mtoto akizaliwa kabla ya wiki ya 37, chupa ikikaa wazi zaidi ya saa 18, mama akipata homa katika uchungu, au mama asipokuwa na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vijidudu) za kutosha za kumpa mtoto. Hilo la kingamwili nitalirudia kwenye chanjo.

Sasa vidonge. Wazo lako lilikuwa wazo la madaktari pia, na lilijaribiwa mapema kabisa. Katika miaka ya 1970 watafiti waliwapa wajawazito dawa za kumeza katika miezi ya mwisho, na katika utafiti mmoja wa mwaka 1979 wakawatibu na waume zao kwa penisilini, wakidhani labda bakteria anarudi kupitia ndoa. Ilipofika siku ya kujifungua, wengi wa akina mama wale walikuwa naye tena. Kumeza vidonge wiki ya 33 ni kama kupalilia shamba mwezi mzima kabla ya kupanda: magugu yatakuwa yamerudi siku unayoyahitaji yasiwepo. Dawa husafisha uke kwa muda, lakini utumbo unabaki ghala.

Ungeweza kuniuliza, basi si ninywe tu, kama haisaidii haitadhuru? Hapa ndipo ninapokuwa mkali hata kwa wenzangu. Mwaka 2001 yalichapishwa majaribio mawili makubwa yaliyoongozwa kutoka Uingereza, yaitwayo ORACLE, kuhusu antibiotiki kwa wajawazito walio katika hatari ya kujifungua njiti. Kwa wale ambao chupa ilikuwa imeshapasuka, erithromaisini ilikuwa na faida, lakini dawa ya pili, mchanganyiko wa amoksilini na asidi ya klavulaniki, iliambatana na ongezeko la ugonjwa hatari wa kuoza kwa utumbo wa kichanga. Kwa wale ambao chupa ilikuwa nzima na hawakuwa na dalili za maambukizi, dawa hazikuzuia chochote. Watoto hao walifuatiliwa, na walipofika miaka 7 matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yakaonyesha kwamba, katika kundi hili la pili, waliokuwa tumboni mama zao wakimeza antibiotiki walikuwa na mtindio wa ubongo zaidi kuliko wale ambao mama zao walipewa kidonge kisicho na dawa. Idadi yao ilikuwa ndogo, asilimia chache tu, lakini tofauti ilionekana. Tangu hapo, anayemwandikia mjamzito antibiotiki "kwa usalama tu", pasipo ugonjwa, anapaswa kuwa na sababu ya kutosha.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu hii: bakteria akikutwa kwenye mkojo wako. Hapo si suala la kumsafisha ukeni. Maambukizi ya mkojo katika mimba hutibiwa mara moja, kwa kuwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuchochea uchungu wa mapema. Ukihisi maumivu ya kukojoa, homa au maumivu ya kiuno, usingoje siku ya kliniki.

Kwa nini basi uchungu ndio wakati wake? Mwaka 1986 Boyer na Gotoff, madaktari wa Chicago, walichapisha jaribio ambalo naliona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa katika fani hii. Waliwachoma akina mama wenye GBS ampisilini wakiwa katika uchungu, wakawalinganisha na wasiochomwa, na watoto wa waliochomwa wakaepuka maambukizi ya damu. Mantiki yake ni nyepesi. Dawa ya mshipani hupita kondo la nyuma, huingia katika damu ya mtoto na baadaye kwenye maji ya uzazi, na wakati huohuo hupunguza bakteria njiani. Hailengi kumfukuza GBS mwilini mwako maisha yako yote. Inataka tu mtoto apite akiwa amelindwa.

Marekani walitoa mwongozo wa kitaifa mwaka 1996, na kuanzia 2002 wakasema kila mjamzito apimwe mwishoni mwa mimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa wiki ya kwanza uliwapata watoto karibu 2 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai. Kufikia 2015 ulikuwa umeshuka hadi karibu robo ya mtoto kwa kila 1,000. Ni vigumu kupata dawa ya zamani na ya bei nafuu kama penisilini iliyofanya kazi kubwa hivyo. Uingereza haijaanza kupima kila mtu. Wao huwachoma wenye dalili za hatari, kama wewe, na jaribio kubwa liitwalo GBS3 liliandaliwa huko ili kulinganisha njia hizi mbili. Kwa hiyo ukisoma ushauri unaotofautiana baina ya nchi na nchi, usishtuke. Kuhusu mama mwenye historia kama yako, wote wanakubaliana.

Kinga kamili huhesabiwa dawa ikianza angalau saa 4 kabla ya mtoto kutoka, kisha ikarudiwa kila baada ya saa 4 mpaka ajifungue. Chini ya hapo bado kuna faida, ila wauguzi watamwangalia mtoto kwa makini zaidi. Uzazi wa pili mara nyingi huenda kasi kuliko wa kwanza, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri uchungu ukolee. Chupa ikipasuka, ondoka saa hiyohiyo hata kama huna uchungu wowote. Kwenye kadi yako ya kliniki, ukurasa wa mbele, yaandikwe kwa herufi kubwa maneno haya: mtoto aliyetangulia aliugua GBS, apewe penisilini katika uchungu. Mwambie pia atakayekusindikiza, maana uchungu ukishachachamaa huenda usiweze kujieleza.

Kama umewahi kupata mzio wa penisilini, lizungumzeni wiki hii, msiliache hadi siku ya kujifungua. GBS bado anakufa kwa penisilini karibu kila mahali duniani, lakini dawa mbadala kama klindamaisini zimeshazoeleka kwake, hivyo kabla ya kuzitegemea bakteria wako anapaswa kuoteshwa na kupimwa usugu. Wengi wanaojiita wenye mzio walipata tu kichefuchefu au kuharisha, na hilo si mzio. Na ikipangwa ujifungue kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza, chupa ikiwa nzima, sindano hii ya GBS haihitajiki. Utapewa tu antibiotiki ya kawaida ya upasuaji.

Mama mkwe wako anakutakia mema, na wazo lake limepimwa kisayansi. Mwaka 1997 ilichapishwa kazi kutoka Malawi iliyoonyesha kwamba kufuta njia ya uzazi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, wakati wa uchungu kulipunguza maambukizi kwa wazazi na watoto. Matumaini yakawa makubwa. Ndipo timu ya Shabir Madhi na wenzake huko Soweto, Afrika Kusini, ikafanya jaribio la kugawa akina mama kwa bahati nasibu, na matokeo yake ya mwaka 2009 hayakuonyesha kupungua kwa sepsisi (maambukizi makali yanayosambaa mwilini) ya vichanga wala kwa watoto kupata GBS kutoka kwa mama zao. Huo ulikuwa ufutaji wa kitaalamu, mikononi mwa wakunga. Kujimwagia dawa ya kuua vijidudu mwenyewe nyumbani huunguza ngozi laini na kuwaua bakteria wema wa uke. Mwambie kwa heshima kwamba umesikia ushauri wake na kwamba daktari amekataza. Lawama iwe yangu.

Pengine utakutana pia na habari za azithromaisini, antibiotiki inayomezwa kwa dozi moja katika uchungu. Jaribio la A-PLUS, lililochapishwa 2023, liliwahusisha wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi saba zikiwemo Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sepsisi au kifo cha mama kilishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6, na karibu nafuu yote hiyo ilikuwa kwenye sepsisi. Kwa watoto haikubadilisha kitu: sepsisi na vifo vyao vilibaki palepale. Jaribio lingine la Gambia na Burkina Faso nalo halikupunguza sepsisi ya vichanga wala vifo vyao. Kwa hiyo hata ukipewa dawa hiyo kwa faida yako mwenyewe, haichukui nafasi ya penisilini kwa mtoto.

Kwa nini haikuwafaa watoto? Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni kwamba sehemu kubwa ya sepsisi ya vichanga katika hospitali nyingi haitoki kwa mama kabisa. Utafiti uitwao NeoOBS uliwafuatilia watoto 3,204 walioshukiwa kuwa na sepsisi katika hospitali 19 za nchi 11, kati ya 2018 na 2020. Bakteria aliyeongoza hakuwa GBS, alikuwa Klebsiella, mkazi wa mikono, sinki, mipira ya dripu na mashine za kupumulia, na mara nyingi sugu kwa dawa tunazozitegemea. Utafiti wa vichanga ulitumia miongo mingi kwa GBS kwa kuwa ndiye aliyezisumbua nchi tajiri. Naona kazi hiyo ilistahili, lakini Klebsiella alipaswa kupewa uzito wake mapema zaidi. Kwako wewe maana yake ni hii: kila anayemshika mwanao anawe mikono kwanza, awe daktari, muuguzi, bibi au mimi, na una haki ya kusema hivyo. Mtoto akiwa mdogo kwa uzito, muweke kifuani ngozi kwa ngozi mapema iwezekanavyo. Jaribio la Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lililotoka 2021, lilianza mbinu hiyo mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja mtoto atulie, na vifo vya siku 28 za mwanzo vikapungua kwa robo. Sepsisi iliyoshukiwa ilipungua pia.

Chanjo bado haijapatikana kwa mimba hii, na sitakupamba kwa ahadi. Lakini njia yake inajulikana tangu 1976, Carol Baker na Dennis Kasper walipoonyesha kwamba watoto waliougua GBS walikuwa wa akina mama wenye kingamwili chache dhidi ya ganda la sukari linalomfunika bakteria. Mwaka 1988 Baker na wenzake wakachapisha matokeo ya kuwachanja wajawazito kwa mara ya kwanza. Ambao miili yao iliitikia chanjo walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na kingamwili zao zilivuka kondo hadi kwa watoto. Kutoka hapo ikawa safari ndefu. GBS ana aina kumi za ganda, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Ugonjwa wenyewe huwapata wachache kati ya elfu, kwa hiyo kuthibitisha chanjo kwa kuhesabu wagonjwa kungehitaji makumi ya maelfu ya wajawazito. Na kwa miaka mingi, majaribio ya dawa kwa wajawazito yaliogopwa na kampuni na wasimamizi pia. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya chanjo ya aina sita za ganda, GBS6, iliyojaribiwa kwa wajawazito wa Afrika Kusini. Haikuleta tatizo la usalama, na kingamwili zilifika kwa watoto. Ipo na nyingine inayotumia protini za bakteria badala ya ganda. Wasimamizi sasa wanaelekea kukubali kiwango cha kingamwili kiwe ushahidi, badala ya kungoja watoto waugue ndipo wahesabiwe. Hilo ndilo linalonipa matumaini kuliko yote.

Nataka chanjo hiyo kwa sababu penisilini ya uchungu ina mipaka. Haimsaidii mtoto anayefia tumboni kabla ya uchungu, na utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliotoka 2016, ulionyesha kwamba GBS huhusika na baadhi ya vifo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba kila mwaka GBS huhusika na vifo vya watoto wachanga karibu 100,000 na vya walio tumboni 46,000 au zaidi. Na kuna mpaka mwingine unaokuhusu wewe moja kwa moja: ugonjwa unaoanza kati ya siku ya 7 na ya 89. Huo haukupungua hata Marekani. Mtoto anaweza kumpata bakteria kwako au kwa mtu mwingine wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na mara nyingi huleta homa ya uti wa mgongo.

Kwa hiyo endelea kuwa macho hadi miezi mitatu, hata kama dripu ilienda vizuri. Nyonyesha bila wasiwasi, GBS si sababu ya kuacha. Kinachokupeleka hospitali, usiku au mchana, ni mtoto anayekataa ziwa au kunyonya kwa udhaifu, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayekoroma pumzi au kubonyea kifua, mwenye degedege, mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi au chini ya 35.5, au anayelegea asijisogeze mpaka aguswe. Dalili moja inatosha. Usimpe dawa iliyobaki nyumbani. Ikitokea rufaa haiwezekani kabisa, zahanati isikurudishe mikono mitupu: majaribio ya Kongo, Kenya na Nigeria ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba sindano za jentamaisini pamoja na amoksilini ya kunywa huwaponya wengi wa watoto wa namna hiyo pasipo kulazwa, ilimradi waonwe na kufuatiliwa. Mtoto aliyezidiwa, mwenye degedege au asiyeweza kunyonya kabisa, huyo lazima afike hospitali, na sindano ya kwanza achomwe kabla ya kuanza safari. Ukimfikia muuguzi, kabla hujaulizwa lolote, mwambie kwamba kaka au dada yake mtoto huyu aliugua GBS.